Ombi la Kuchaguliwa Propela kwa Nguvu

Aldewar, Friesland
Jumanne, wiki ya pili ya Aprili

Kwa Kamati ya Bandari ya Mashua, Aldewar
Kwa mkono wa Mwenyekiti, Bi Ytsje Sinnema

Bi Mwenyekiti na Waheshimiwa Wajumbe,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NDUGU ZANGU WA TUMBO MOJA

Nianze na shukrani, maana sikulelewa vibaya. Nashukuru kwa barua yenu ya mwezi uliopita, mliyotukumbusha kwamba mashua ya tanga ya marehemu baba yetu, iitwayo Wiepkje kwa jina la mama, haijatoka bandarini kwa nguvu zake yenyewe misimu miwili mfululizo. Mmesema isipotoka Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya kufungua msimu, ikapita darajani na kurudi bila kuvutwa na mtu, gati letu atapewa mwingine. Mmeiandika kwa upole sana. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Gati hilo lilikuwa la babu kabla halijawa la baba. Kila kiangazi mama alikaa pale ukingoni akimenya viazi, maganda akiwatupia bata, na sisi watoto watatu tukijifunza kuogelea kwa kutumbukia. Tukilipoteza halirudi. Nalijua hilo vizuri kuliko mnavyodhani, na usingizi wenyewe umenikimbia.

Nasikia huyo mwingine ni daktari wa meno kutoka Amsterdam, na kwamba boti lake lina mashine ya kufulia nguo. Sitasema neno. Mtu anayekwenda ziwani na nguo chafu ana mambo yake, nami namtakia heri mbali na hapa.

Mimi, kama mjuavyo, ni Tjebbe Bokma, mkaguzi wa jibini mstaafu, mtu nisiyependa ugomvi. Mashua ni yetu watatu sawa kwa sawa: mimi, kaka yangu Hylke, aliyekuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, na dada yetu mdogo Fokje, mfugaji wa kondoo. Tangu tulipomzika mama hatuko vizuri sana. Kulikuwa na suala la saa yake ya ukutani, ambalo silitaji hapa kwa sababu halihusiani, ingawa mwenye haki nilikuwa mimi.

Majira yale yale injini ya dizeli ya baba ilikata roho, na tukakubaliana kuweka mota ya umeme. Tulikubaliana kwa kikombe kimoja cha kahawa. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Mota ikaja, betri zikaja, zikafungwa, taa ya kijani ikawaka. Ikabaki propela tu. Mota bila propela ni feni iliyofungiwa kabatini, inajizungukia na haimpepei mtu. Na propela hiyo, waheshimiwa, tunaichagua mpaka leo.

Mtauliza kwa nini hatukupiga kura, watu watatu hawawezi kufungana. Bi Mwenyekiti, wewe ni mtu wa hapa. Kura ikipigwa anapatikana mshindwa, na mshindwa huyo utakutana naye kwenye kila sikukuu ya kuzaliwa mpaka mmoja wenu afe. Kwetu watu huzungumza mpaka wote wakubali. Kamati yenu yenyewe ilizungumza miaka sita kuhusu rangi ya mlango wa choo cha bandari, na leo hakuna mtu Aldewar mwenye kinyongo na mlango ule, ingawa hakuna anayeupenda.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Kaka yangu Hylke anaabudu propela ya zamani.

Namaanisha ile ya baba, ya shaba, mapanga matatu mafupi, upana wake kama sahani ya supu. Ilitengenezwa kwa ajili ya injini ya dizeli yenye haraka zake. Mota ya umeme si mtu wa haraka. Ina nguvu tangu mzunguko wa kwanza, inataka kuzunguka taratibu na kushika maji mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo inataka propela pana, pana kadiri nafasi kati ya mkuku na usukani inavyoruhusu, mradi ncha za mapanga zisikaribie mno ubao wa chini. Ukiifungia kasahani ka baba, mota itazunguka kama kichaa, maji yatatoka povu, betri itaisha kabla hujafika darajani, na daktari wa meno atakuwa amesimama ukingoni akipiga makofi.

Hayo nimemweleza Hylke kwa mdomo, kwa mchoro, na mara moja kwa kijiko na ndoo ya maji. Alinitazama kama ninavyotazamwa na ng'ombe. Halafu akasema:

"Tjebbe, propela bora ni ile uliyonayo. Hii baba aliikwangua kila masika kwa mikono yake. Wewe hiyo yako uliikwangua lini?"

Sasa hiyo ni hoja? Baba pia alivaa viatu vya mbao kanisani, na hatubishani kuhusu viatu. Propela ninayoipendekeza mimi, pana, ya mapanga matatu, inayosukuma mashua nzima kwa umeme usiozidi wa birika la chai, kaka yangu anaiita feni ya zizi. Anaiita hivyo mbele za watu.

2. Dada yangu Fokje alikubaliana na mimi.

Naomba msicheke mpaka mmalize. Mwanzoni, wakati nilikuwa bado sijapata habari kamili, mimi nilikuwa mtu wa propela ya kukunja. Mnazijua: mapanga mawili yanafunguka mota ikizunguka, na ukipandisha tanga ukazima mota, maji yanayafumba kama kitabu, mashua inateleza bila kitu kinachoikokota nyuma. Nilizisifia majira yote ya baridi. Fokje alipinga. Alisema ukirudi nyuma mapanga yanasitasita kufunguka, na katika bandari yetu, ambako kila mtu anarudi kinyumenyume akitazamwa na kijiji kizima, mashua inayosita ni aibu ya ukoo.

Basi mwezi wa tatu wa mwaka jana, bila taarifa, akaja kwenye banda letu la mashua akaning'iniza koti, akasema amefikiri. Yeye ndiye anayeshika usukani, anachukia mashua nzito, na kurudi nyuma atajifunza. "Umenishawishi, Tjebbe. Tununue ya kukunja." Na Hylke, ambaye alikuwa anafuta grisi, akainua mabega akasema kama ni hivyo na yeye basi.

Waheshimiwa, hapo nilitia shaka. Nilikagua jibini miaka mingi, na nawaambia jibini linalokubalika na watu watatu kwa mara moja lirudishwe ghalani likatazamwe upya. Nikaomba wiki moja ya kutafakari. Ndani ya wiki hiyo ndipo nilipogundua, kwa utafiti na si kwa ukaidi, kwamba propela pana isiyokunjika ina sifa ambayo ya kukunja haina: mashua ikienda kwa tanga, maji yanaizungusha, nayo inazungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Unakwenda bure, na unachaji bure. Nikawaeleza Jumamosi iliyofuata. Fokje alichukua koti lake, kisha akarudi akachukua na kopo la biskuti, ambalo kwa haki ni la banda.

Tangu siku hiyo hakubali kitu. Ya kukunja aliipenda kwa sababu yangu, sasa anaipenda kunikomoa. Ndiyo maana nasema alinikosea kwa kunikubalia. Angeendelea kunipinga tungekuwa tumemaliza zamani.

3. Jaribio la mkanda.

Nakiri jaribio hili lilikuwa wazo langu na lilikuwa zuri. Wote mnajua bibi zetu walivyozivuta mashua za mizigo upepo ulipokufa: mkanda kifuani, kamba ndefu mpaka mlingotini, na kutembea ukingoni mwa mfereji huku mume ameshika usukani na kiko chake. Bibi yetu mzaa mama aliivuta mashua ya mboji ya kuchomea moto hivyo mpaka mji wa Sneek. Nikasema, kama tunabishania propela ipi inakokota zaidi mashua ikienda kwa tanga, tuazime zile mbili mpya, tuzifunge zote tatu moja moja, na mtu aivute Wiepkje kwa mkanda. Bega halidanganyi.

Swali likawa bega la nani. Mimi nina nyonga. Hylke ana mgongo. Fokje ana kondoo, huinua kondoo tangu asubuhi mpaka jioni, na kwa hilo ana mabega ambayo mimi na Hylke tukiungana hatuyafikii. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kati yetu asiongee mtu. Alivuta ya kwanza, ile ya baba, akasema si haba. Akavuta ile pana yangu, akasema anaisikia kama mtoto anayeshika sketi. Akavuta ya kukunja, ile yake mwenyewe, akapiga hatua chache, akasimama, akavuta tena, uso ukawa mwekundu kama bitiruti iliyochemshwa. Akasema hii ndiyo mbaya kuliko zote, inamvunja.

Nilitangaza matokeo papo hapo. Labda niliharakisha. Hylke akaenda ubavuni mwa mashua akachungulia, akainua ule ubao mkubwa wa ubavuni tunaoushusha majini ili upepo usitusukume pembeni. Ulikuwa umeshushwa mpaka mwisho, na tope la chini ya mfereji limeganda kwenye nusu yake. Dada yetu alikuwa havuti propela, alikuwa analima mfereji.

Nani alikuwa ndani ya mashua? Mimi. Nani anashughulika na ubao? Kwa kawaida mimi. Ila nilikuwa nashikilia pia thermosi na daftari, na binadamu ana mikono miwili. Hylke hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Alisema tu turudie. Fokje akavua mkanda, akautundika kwenye shingo yangu taratibu, akasema:

"Farasi amestaafu. Mkitaka kuvuta, vutaneni nyie wawili."

Akaondoka kwa baiskeli. Kwa hiyo mpaka leo hatuna matokeo yanayokubalika, na lawama napewa mimi niliyeleta wazo.

4. Sikukuu ya kuzaliwa ya Fokje.

Hata baada ya hayo nilikwenda, maana wajibu ni wajibu. Viti vilikuwa vimepangwa duara kama ilivyo ada, kahawa, kipande kimoja cha keki ya rangi ya waridi, na kila anayeingia anampongeza kila aliyekaa. Nilimpongeza Fokje, nikampongeza mumewe, nikampongeza mama mkwe wake, nikampongeza daktari wa mifugo ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya kwato. Nilipofika kwa Hylke, Hylke alikuwa anatafuta kitu mfukoni. Nami nikawa natafuta kitu mfukoni. Tukatafuta mpaka nikapita.

Lakini nilipoketi tu, ng'ambo ya duara, akaniuliza juu ya vichwa vya watu kama nimefikiria magugu. Alisema katika ziwa letu mwezi wa saba magugu ya chini yanasimama kama nywele, na propela pana itayazungushia kwenye shafti, fimbo inayoibeba, mpaka mota iombe radhi, wakati ile ya baba ni ndogo inapenya. Nikamjibu kwamba propela inayozunguka taratibu haifungi magugu kama ile inayokimbia. Akajibu. Nikajibu. Mama mkwe wa Fokje alihamishwa kiti ili tuonane. Tuliendelea mpaka kahawa ya pili na ya tatu, na wageni wakaanza kuaga. Baadaye nikasikia nimelaumiwa mimi kwa kuvuruga shughuli, eti hata wimbo haukuimbwa. Aliyeanza magugu si mimi.

5. Mashua imegawanywa.

Hapa, Bi Mwenyekiti, ndipo maji yalipofika shingoni. Wakati wa Krismasi iliyopita Hylke aliingiwa na hofu kwamba nitakwenda bandani peke yangu na kufunga propela yangu. Hofu ya bure kabisa, maana nilikuwa nimekwenda mara mbili tu, na mara zote mbili kupima. Akachomoa shafti akaenda nayo nyumbani. Mkewe ananiambia ipo chini ya kitanda upande wake. Bila shafti propela haifungiki, iwe yako au yangu.

Mimi kwa kujilinda nikachukua ufunguo wa mota na nyaya za betri. Fokje alipopata habari akaja na trela la kondoo, akaung'oa usukani mzima, akasema kama ni kuchukua basi na yeye anachukua. Sasa Wiepkje imekaa bandani kama kuku aliyekwisha kuchinjwa na kugawanywa. Ili itoke, lazima nyumba tatu zifungue milango kwa siku moja, na zimebaki wiki tatu na kidogo.

Jumamosi bado tunakutana. Kila mmoja anakuja mikono mitupu, makusudi, ili wenzake waone kwamba hakuleta kipande chake. Tunakunywa kahawa tukiitazama mashua isiyo na nyuma. Tunazungumza mlalo wa mapanga, maana hata tukikubaliana upana, bado kuna mlalo: likilala sana linateleza bila kusukuma, likisimama sana mota inahema. Hylke ana maoni yake. Kwa kawaida tunafika saa ya chakula cha jioni bila kuwa tumefika popote.

Kwa hayo yote, naomba Kamati ichukue mojawapo ya hatua zifuatazo. Nimezipanga kuanzia ile laini.

Kwanza, Kamati itamke rasmi kwamba Hylke Bokma si kaka yangu kuanzia leo mpaka Jumapili inayofuata siku ya kufungua msimu. Sitaki iwe ya kudumu. Asipokuwa kaka yangu atakuwa mmiliki mwenza tu, na mmiliki mwenza ninaweza kumpeleka mahakamani bila kulazimika kumkuta kwenye duara la viti.

Pili, ikishindikana, tufungiwe sisi watatu ndani ya lango la maji la Aldewar, kile chumba cha mfereji kinachopandisha na kushusha mashua, ndani ya kaboti kadogo, milango yote miwili ikiwa imefungwa, na mlinzi wa lango aagizwe ashushe maji kidogo kila saa mpaka tukubaliane. Tutakuwa tunashuka polepole tukitazama kuta zenye ukijani zinavyorefuka. Nimeongea na mlinzi mwenyewe, Bwana Sjirk, anasema yeye hana kinyongo ila anataka karatasi yenye muhuri, na kwamba mkate tuje nao.

Tatu, ikishindikana na hiyo, Kamati itumie nguvu. Mje bandani wote na buti zenu, mtuchagulie propela, muifunge, mtufukuze. Mnaweza kuchagua hata ile mbovu. Sisi Bokma hatutawasamehe, wala watoto wetu, lakini tutakuwa watu watatu wenye adui mmoja, na kwa familia yetu hayo ni maendeleo makubwa. Kama mtahitaji ushauri wakati wa kuchagua, ile pana ndiyo sahihi. Vipimo nimeviambatanisha. Nitakuwa nimesimama nje ya dirisha kwa lolote litakalohitaji ufafanuzi.

Naelewa kwamba Kamati nayo lazima ikubaliane ndani kwa ndani kabla ya kutumia nguvu. Ndiyo maana nimeandika mapema.

Nisalimieni Bwana Sinnema na goti lake, mwambieni asipande ngazi. Salamu kwa mweka hazina, kwa mlinzi wa daraja na mbwa wake yule mnene, na kwa kina mama wa jiko la bandari, ambao supu yao ya njegere ya mwezi wa pili ilikuwa na chumvi ya kutosha kwa mara ya kwanza. Daktari wa meno simjui, kwa hiyo msalimieni wenyewe.

Naishia hapa kwa adabu zangu zote, na kwa hasira niliyoiacha nje ya barua,

Tjebbe Bokma
mmiliki wa theluthi moja ya Wiepkje, na wa ufunguo wote

Nyongeza baada ya sahihi:

Waheshimiwa, nilikuwa sijabandika stempu Fokje alipoingia. Hakuvua buti, hakukaa. Alisema jana yeye na Hylke walikutana jikoni kwa Hylke, bila mimi, na wamekubaliana. Nikauliza wamekubaliana nini. Akasema:

"Hiyo yako, Tjebbe. Ile pana. Tumechoka, umeshinda. Hylke ameshaichukua, na shafti ameitoa chini ya kitanda. Kesho anaifunga. Wewe lete ufunguo na nyaya tu, gati la mama libaki letu."

Akanipiga kofi dogo begani akaondoka. Kondoo wanazaa siku hizi.

Nilipaswa kufurahi. Nilikwenda jikoni nifurahi kidogo, nikarudi. Nikatoa vipimo vyangu nikavitazama upya. Kaka yangu amenipinga tangu nina miaka minne. Kama yeye amekubali hii propela, basi kuna kitu amekiona ambacho mimi sijakiona.

Lakini si hilo tu, na kwa vile nimeshawaandikia yote, acha niandike na hili. Tangu mazishi ya mama, Hylke hajanisemesha neno ambalo si la propela. Nilipofanyiwa upasuaji wa nyonga hakuja, hakuuliza. Ila siku ya tatu alinipigia simu hospitalini, kuhusu nafasi kati ya ncha ya panga na ubao wa chini, tukaongea mpaka muuguzi akaja kuninyang'anya simu. Nililala vizuri usiku ule. Sasa propela ikifungwa na mashua ikatoka, Hylke atanipigia kuhusu nini? Fokje atakuja bandani kufanya nini, na banda halina kitu? Tutapita darajani mara moja, tutapungiwa mikono, tutarudi, na kila mtu ataenda kwake. Mimi nimepigania hii propela kwa moyo wangu wote, na sikuwa nimefika hapo kwenye mawazo.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la tano. Badala yake naomba Kamati itafute haraka kanuni yoyote inayokataza propela pana. Mnaweza kutumia magugu, Hylke ana hoja nzuri sana kuhusu magugu. Samaki pia. Kama kanuni haipo, tungeni, nami nitaiunga mkono. Na ikiwa gharama yake ni gati, nasema hili nikiwa na akili zangu timamu: mpeni daktari wa meno. Huenda hata mashine ya kufulia ina maana yake. Mradi mfanye hivyo kabla ya kesho.

Ngojeni kidogo, simu inalia.

Nimerudi. Alikuwa Hylke. Amekaa sakafuni na propela mapajani tangu mchana, anasema. Kisha akasema:

"Tjebbe, nimeitazama vizuri hii ya kwako. Mlalo wake hauniingii akilini hata kidogo. Una nafasi Jumamosi?"

Nimemwambia ninayo.

Basi, waheshimiwa, ihesabuni barua hii kuwa haikuandikwa, na Fokje asiambiwe kwanza. Tunaomba mtuongezee msimu mmoja tu wa gati. Ombi rasmi litawafikia likiwa na sahihi za wote watatu, mara tutakapokubaliana lisemeje.

T.B.